Kupima Nguvu ya Moyo wa Mtu Mzima Aliyefanyiwa Upasuaji wa Kasoro ya Kuzaliwa: Mwongozo Kamili

Watoto waliopasuliwa moyo zamani leo ni watu wazima. Wana kazi, wana familia, na wengi wao wana miaka mingi hawajakanyaga kliniki ya moyo. Siku moja anakuja kwa jambo jingine kabisa: ujauzito, cheti cha afya cha mwajiri, mapigo yanayokwenda mbio usiku. Anayempokea ni daktari wa kawaida au mpimaji wa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ambaye mioyo ya aina hiyo ameisoma tu darasani. Mwongozo huu nimemwandikia huyo. Mgonjwa naye akiusoma nitafurahi, maana maswali mengi yaliyomo ana haki ya kuyauliza mwenyewe.

Jambo moja litajirudia mpaka mwisho: moyo huu haupimiki kabla hujajua mpasuaji aliuachaje. Viwango vya kawaida tunavyovitumia vimetokana na mioyo iliyozaliwa mizima. Moyo ulioshonwa utotoni unaweza kuvuka viwango hivyo bila shida yoyote, na unaweza pia kuvitimiza vyote huku unaharibika.

Hatua ya 1: Tafuta ripoti ya upasuaji

Ripoti ya upasuaji ina thamani kuliko kipimo chochote utakachofanya leo. Iombe hospitali alikopasuliwa, muulize mama yake, pekua kadi za zamani. Wazazi wengi hukumbuka jina la ugonjwa na umri wa mtoto siku ile, na hukumbuka kama kulikuwa na upasuaji wa kwanza wa kumpa nafuu kisha wa pili wa kumalizia. Unatafuta mambo manne: kasoro ya asili ilikuwa ipi, alipasuliwa mara ngapi na kwa njia gani, kitu gani kigeni kiliachwa ndani, iwe kiraka, vali bandia, mrija au waya, na kasoro gani ilijulikana kuwa imebaki siku aliporuhusiwa kwenda nyumbani.

Ripoti ikikosekana kabisa, soma mwili. Kovu la katikati ya kifua ni la upasuaji wa moyo wenyewe. Kovu la ubavuni linalozunguka chini ya bega linaelekeza kwenye aota iliyobanwa, au kwenye njia ya Blalock-Taussig, iliyoanza kufanywa hospitali ya Johns Hopkins mwaka 1944 ili kuongeza damu inayokwenda mapafuni. Katika umbo lake la mwanzo, ateri ya chini ya mtulinga ilikatwa ikaunganishwa na ateri ya mapafu. Kwa hiyo mkono wa upande huo unaweza kuwa na mapigo hafifu na kutoa presha ya chini isiyo ya kweli maisha yote.

Mwaka wa upasuaji nao ni ushahidi. Mtu aliyezaliwa na mishipa mikuu iliyobadilishana nafasi, akapasuliwa miaka ya 1970, yaelekea sana alifanyiwa njia ya Senning au ya Mustard, zinazogeuza mkondo wa damu ndani ya atiria, yaani chemba za juu za moyo. Aliyepasuliwa miaka ya 2000 yaelekea alifanyiwa ya kurudisha mishipa yenyewe mahali pake, ya Jatene, daktari wa Brazili aliyefanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1975. Jina la ugonjwa ni moja, lakini mioyo hiyo miwili haifanani na haipimwi kwa namna moja.

Kabla ya kushika probu ya eko, chora moyo huo kwenye karatasi: damu nyeusi (isiyo na oksijeni ya kutosha) inaingia wapi, inapita chemba gani, inatokea wapi, kisha damu nyekundu (iliyotoka mapafuni). Kama huwezi kuuchora, hujawa tayari kuupima. Mchoro huo ubaki kwenye faili, kwa faida ya atakayempokea baada yako.

Hatua ya 2: Muulize anachofanya

Ukimuuliza kama anajisikia vizuri, atasema ndiyo, na atakuwa anasema kweli anayoijua. Hajawahi kuwa na moyo mwingine wa kulinganisha nao. Tangu shuleni amejifunza kupunguza mwendo, kupumzika katikati ya ngazi, kuchagua kazi ya kukaa. Watu wazima wengi wa kundi hili wanaosema hawana dalili yoyote, wakipimwa kwa mazoezi hukutwa wako chini sana ya wenzao wa rika lao.

Kwa hiyo uliza vitendo. Unapanda ngazi za ghorofa ngapi bila kusimama? Ukitembea na wenzako, unaweza kuongea huku mnatembea? Kitu gani ulikuwa ukikifanya mwaka jana ambacho sasa umekiacha? Swali hili la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote. Muulize pia mtu anayeishi naye, maana huyo huona mabadiliko ambayo mgonjwa ameshayazoea.

Uliza kuhusu mapigo kwenda mbio, na kuhusu kuzirai. Kuzirai kwa mtu aliyepasuliwa moyo, hasa akiwa kwenye mazoezi, kuchukuliwe kuwa hitilafu ya mapigo mpaka ithibitike vinginevyo. Usimrudishe nyumbani kwa dhana kwamba hakunywa maji ya kutosha.

Hatua ya 3: Mkague kwa macho, mikono na sikio

Pima presha mikono yote miwili na mguu mmoja, angalau katika ziara ya kwanza. Aliyerekebishwa aota iliyobanwa apimwe mkono wa kulia, kwa kuwa ateri ya mkono wa kushoto mara nyingine ilitumiwa katika ukarabati wenyewe. Presha ya mkono ikiizidi ya mguu kwa mmHg 20 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa aota imebana tena.

Pima oksijeni kwenye kidole akiwa ametulia, kisha tena baada ya kutembea kidogo. Tazama mishipa ya shingo, papasa ini, angalia miguu kama imevimba. Hizo ndizo dalili za upande wa kulia wa moyo, na upande wa kulia ndio unaobeba mzigo kwa wagonjwa wengi wa kundi hili.

Kwenye kusikiliza, kuwa mwangalifu na ukimya. Vali ya mapafu inayovuja vibaya sana hutoa sauti fupi na ya chini, kwa sababu damu inarudi bila kizuizi na presha za pande mbili zinalingana upesi. Ukisikia kidogo, usihitimishe kwamba inavuja kidogo.

Hatua ya 4: ECG (mchoro wa umeme wa moyo)

Aliyerekebishwa tetralojia ya Fallot (kasoro ya kuzaliwa yenye tundu kati ya ventrikali, yaani chemba za chini za moyo, na njia nyembamba ya kwenda mapafuni) karibu kila mara atakuwa na kizuizi cha tawi la kulia la umeme wa moyo. Hilo ni la kutarajiwa. Kipimo cha kuandika ni upana wa QRS, alama ya umeme unaopita kwenye ventrikali, kwa milisekunde, kila ziara, ili uone unavyokua. Upana wa milisekunde 180 au zaidi unahusishwa na hatari ya mapigo hatari ya ventrikali na kifo cha ghafla. Ventrikali iliyotanuka na umeme uliochelewa huenda pamoja.

Mtego mwingine ni mapigo ya 150 kwa dakika yasiyobadilika hata mgonjwa akilala, akikaa au akitembea. Mara nyingi hutajwa kuwa ni wasiwasi au homa. Katika moyo wenye makovu ya atiria, hayo ni mzunguko wa umeme ndani ya atiria, unaopitisha pigo moja kati ya kila mawili. Linganisha na ECG ya zamani. Kama huna, mpe rufaa siku hiyo hiyo. Mwenye malalamiko ya mapigo lakini ECG yake ni tulivu avalishwe kifaa cha kurekodi kwa saa 24 au zaidi.

Hatua ya 5: Eko, kwa mpangilio usiobadilika

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na chanzo chake ni mazoea. Mpimaji anafungua picha ya ventrikali ya kushoto, anapata EF (sehemu ya damu inayosukumwa nje kwa kila pigo) ya asilimia 60, anaandika kwamba moyo unafanya kazi vizuri. Kwa mgonjwa wa Fallot, ventrikali yenye matatizo ilikuwa ile nyingine.

Anza na ramani: moyo umekaa upande gani, mishipa inaingia wapi, ventrikali ipi inasukuma damu kwenda mwilini na ipi kwenda mapafuni. Ventrikali itambue kwa umbile lake, kwa kuwa upande iliko unaweza kudanganya: ya kulia ina misuli ya ndani yenye mikunjo mikubwa na bendi inayovuka karibu na ncha, na vali yake ya kuingilia, ya trikuspidi, imejishika chini kidogo kuliko ya mitrali, ambayo ni ya ventrikali ya kushoto, karibu zaidi na ncha ya moyo. Ukishajua nani ni nani, endelea.

Ventrikali ya kushoto ipimwe kwa njia ya Simpson, inayokadiria ujazo kwa kuigawa chemba vipande vipande, kwenye picha mbili, ya chemba nne na ya chemba mbili. Kawaida ya EF ni asilimia 52 hadi 72 kwa wanaume, 54 hadi 74 kwa wanawake. Usiipime kwa mstari mmoja wa M-mode, picha ya eko inayofuata mstari mmoja tu: ukuta wa kati wa moyo huu mara nyingi una kiraka, umesukumwa na ventrikali ya kulia iliyojaa, au unakwenda kinyume na kuta nyingine. Mstari mmoja unaopita hapo utakupa namba isiyo na maana.

Ventrikali ya kulia ipimwe kwa zaidi ya njia moja: TAPSE (umbali ambao pete ya vali ya trikuspidi husogea kuelekea ncha ya moyo), ambayo kawaida ni milimita 17 au zaidi; S′ (kasi ya mwendo huo ventrikali ikikaza), sentimita 9.5 kwa sekunde au zaidi; na mabadiliko ya eneo la chemba kati ya kujaa na kukaza, asilimia 35 au zaidi. Lakini soma hizo mbili za kwanza kwa tahadhari. Kifua kikishafunguliwa, mwendo wa ventrikali kutoka juu kwenda chini hupungua, na TAPSE hubaki ndogo hata kwa mtu ambaye ventrikali yake inasukuma damu ya kutosha. Kwa Fallot, TAPSE hailingani vizuri na EF inayopatikana kwa MRI (picha ya sumaku). Namba hiyo ina faida ukiilinganisha na yake mwenyewe ya mwaka uliopita, kwa mashine ileile na mpimaji yuleyule ikiwezekana.

Kisha presha. Kasi ya damu inayorudi kupitia vali ya trikuspidi inaingizwa kwenye hesabu ya mara nne ya kasi kipeo cha pili, ukijumlisha makadirio ya presha ya atiria ya kulia. Kasi ya mita 3.5 kwa sekunde inakupa mmHg 49. Ukijumlisha 8 za atiria unapata 57. Hiyo ni presha ya ventrikali ya kulia. Itakuwa presha ya mapafu endapo tu hakuna kizuizi njiani, na wagonjwa wengi hawa wana kizuizi: vali iliyobana, mrija uliokakamaa, tawi la ateri ya mapafu lililopungua. Pima kasi kwenye njia ya kutokea kabla hujaandika maneno presha ya mapafu.

Malizia na matundu yaliyobaki kandokando ya viraka, upana wa mzizi wa aota, na kila vali kwa Doppler ya rangi, sehemu ya eko inayoonyesha mwendo wa damu.

Hatua ya 6: Kila upasuaji una swali lake

Tetralojia ya Fallot. Tangu Lillehei aliporekebisha ya kwanza huko Minnesota mwaka 1954, tatizo limebaki lilelile: ili kufungua njia nyembamba ya mapafu, mara nyingi kiraka kilivushwa juu ya vali, na vali ikapotea. Damu inarudi kila pigo. Ventrikali ya kulia huvumilia hali hiyo kwa miaka mingi, hata miongo, ikitanuka polepole bila mgonjwa kulalamika. Kwenye Doppler, muda wa presha kushuka nusu ukiwa chini ya milisekunde 100, au damu ikionekana kurudi kutoka kwenye matawi ya ateri ya mapafu, uvujaji ni mkubwa. Usiisahau ventrikali ya kushoto: ikianza kudhoofika kwa mgonjwa huyu, hatari yake imepanda.

Senning na Mustard. Hapa ventrikali ya kulia ndiyo inayosukuma damu ya mwili mzima, na damu imeelekezwa upya ndani ya atiria kwa njia za kushonwa. Nimeona zaidi ya mara moja ripoti ya mgonjwa wa aina hii ikisema presha ya mapafu ni kali mno, kwa sababu mpimaji alichukua kasi ya vali ya trikuspidi kama kawaida. Vali hiyo kwake iko upande wa mwili. Kasi ile ilikuwa inapima presha ya damu ya mkononi. Presha ya upande wa mapafu itafute kwenye vali ya mitrali. Trikuspidi ikianza kuvuja zaidi, ichukulie kuwa ventrikali inachoka. Kagua njia zile za atiria kama zimebana au zinavuja. Sindano ya maji ya chumvi yaliyotikiswa, ukiangalia viputo vinatokea wapi, husaidia sana.

Jatene. Mishipa ya kulisha moyo ilihamishwa na kushonwa mahali pengine. Swali la kwanza ni kama bado iko wazi, hivyo angalia mwendo wa kila sehemu ya ukuta wa ventrikali ya kushoto, akiwa ametulia na, inapowezekana, akiwa kwenye mazoezi. La pili ni mzizi wa aota, ambao kwa asili ulikuwa wa mapafu na una tabia ya kutanuka. La tatu ni matawi ya ateri ya mapafu, yaliyovutwa mbele ya aota na yanayoweza kubana.

Fontan. Njia hii iliyotangazwa mwaka 1971 ni kwa wenye ventrikali moja tu inayofaa. Damu nyeusi inakwenda mapafuni bila pampu, ikisukumwa na presha ya mishipa yenyewe, ambayo kwa kawaida hufika mmHg 10 hadi 15. Ukimpima kwa EF peke yake, utakuwa umeacha nusu ya ugonjwa. Angalia mkondo wa damu ndani ya mrija unavyobadilika akivuta pumzi, tafuta damu iliyoganda humo, pima uvujaji wa vali iliyo kati ya atiria na ventrikali. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 90, tafuta sababu: tundu lililoachwa makusudi, au mishipa mipya iliyojitengenezea njia. Ini lipigwe picha na albumini ipimwe mara kwa mara, kwani ini na utumbo huumizwa na presha hiyo ya kudumu.

Aota iliyobanwa. Presha ndiyo kipimo kikuu, ikiwemo ya saa 24 na ya wakati wa mazoezi. Aota yote ipigwe picha ya MRI au CT kila baada ya miaka 3 hadi 5, kutafuta kubana upya au kutanuka mahali palipokarabatiwa. Kagua vali ya aota, ambayo kwa wengi wao ina vipande viwili badala ya vitatu.

Matundu ya kuta yaliyozibwa mapema huwa na hadithi fupi: tundu limebaki, presha ya mapafu ikoje, ventrikali ya kulia imerudi ukubwa wake, mapigo ya atiria yametulia?

Hatua ya 7: Mfanyishe mazoezi

Kipimo cha mazoezi kinachopima hewa anayovuta na kutoa, kwenye baiskeli au mashine ya kukimbilia, ndicho kinachojibu swali ambalo mgonjwa hawezi kulijibu kwa maneno. Hakikisha amejitahidi kweli: uwiano wa kaboni dayoksaidi anayotoa na oksijeni anayotumia ufike 1.1 hivi. Andika oksijeni ya kilele kama asilimia ya inayotarajiwa kwa umri, jinsia na mwili wake, mapigo ya juu aliyofikia, presha, kiwango cha oksijeni kwenye kidole, na hitilafu za mapigo. Wengi hushindwa kupandisha mapigo, na hapo tatizo linaweza kuwa fundo la umeme linaloanzisha mapigo, au dawa, misuli ya moyo ikiwa haina lawama.

Mashine ikikosekana, tumia mwendo wa dakika 6 kwenye korido ya mita 30. Hauna makali kwa kijana aliye imara, lakini kwa aliyedhoofika unasema mengi, hasa ukirudiwa mahali palepale.

Hatua ya 8: MRI, na jinsi ya kuisoma

Kwa ventrikali ya kulia, MRI ndiyo rejea. Ujazo ugawanywe kwa eneo la mwili, la sivyo mtu mkubwa ataonekana mgonjwa na mdogo ataonekana mzima. Chukua mgonjwa wa Fallot mwenye urefu wa sentimita 160 na kilo 58: eneo lake ni takriban mita za mraba 1.6. Ventrikali yake ya kulia ikijaa ina mililita 272, ikikaza inabaki na 144. Kwa kila mita ya mraba hizo ni 170 na 90, na EF ni asilimia 47. Anasukuma mililita 128 kwa pigo. Kama 56 zinarudi, uvujaji ni asilimia 44 na zinazobaki mbele ni 72. Sasa tazama aota: nayo ikipitisha 72 hivi, hesabu imekubaliana. Zikiachana sana, kuna tundu au vali nyingine inayovuja ambayo hujaiona, au kipimo kimekosewa.

Miongozo ya Ulaya na Marekani hutaja mililita 160 kwa mita ya mraba wakati wa kujaa, na 80 wakati wa kukaza, kama viwango vya kufikiria vali mpya ya mapafu hata mgonjwa akiwa hana dalili, vikitazamwa pamoja na mambo mengine. Hoja ni kuwahi kabla ventrikali haijapoteza uwezo wa kurudi ukubwa wake. Mgonjwa wetu huyu amevuka vyote viwili, na pengine anasema hajambo.

Mwenye pesimeka (kifaa cha kuendesha mapigo) isiyoruhusu MRI apigwe CT.

Hatua ya 9: Damu

NT-proBNP, kemikali ambayo moyo hutoa ukielemewa, inafaa kufuatiliwa kwa mwelekeo wake. Kwa Fontan inaweza kuwa ya chini ingawa hali si nzuri. Ongeza vipimo vya figo, ini, albumini na hesabu ya chembe za damu. Mwenye oksijeni ya chini apimwe madini ya chuma, kwa sababu hemoglobini ya kawaida kwake inaweza kuwa upungufu.

Hatua ya 10: Andika, kisha amua

Ripoti yako ianze na jina la kasoro na la upasuaji, ndipo namba. Kila namba iwekwe kando ya ile ya mara iliyopita. Sema wazi ventrikali ipi inasukuma mwili. Sema pia picha ipi haikupatikana. Nafasi tupu ni salama kuliko makadirio.

Mwenye Fontan, au ventrikali ya kulia inayosukuma mwili, aonwe na bingwa wa kasoro za kuzaliwa angalau mara moja kwa mwaka; Fallot iliyotulia, kila mwaka mmoja au miwili. Anayepanga ujauzito apimwe kabla hajashika mimba: presha kubwa ya mapafu, au ventrikali ya mwili yenye EF chini ya asilimia 30, huiweka mimba kwenye kundi la hatari ya juu kabisa kwa mama. Wasiosubiri miadi ni aliyezirai, mwenye mapigo mapya ya mbio, anayekohoa damu, na mwenye homa isiyoeleweka akiwa na vali bandia au kiraka. Huyo wa homa achukuliwe damu ya kuotesha vijidudu maabara kabla ya kupewa antibayotiki yoyote.